Mafungu Matatu Sawasawa ya Shamba la Wexcombe

Kwamina hakuwa na viatu. Hakuwa na kofia, ila gunia alilolikunja kwa ustadi hata likafanana na kofia. Hakuwa na saa, wala hakuihitaji, kwa sababu shamba lilikuwa na kengele na kengele ilikuwa na msimamizi. Hakuwa na jina la pili. Na hilo la kwanza, la waliozaliwa Jumamosi, alilitumia kwa ushirika na wanaume wengine wanne wa shamba hilohilo. Hakuwa na nyusi, maana miaka kumi na tisa ya kuinamia masufuria ya sukari ilikuwa imeziunguza mpaka zikakata tamaa ya kuota. Na kwa mujibu wa sheria za kisiwa cha Jamaica, zilizotungwa na watu wenye elimu na viatu, Kwamina hakuwa hata na Kwamina. Huyo alikuwa mali ya Mzee Josiah Wexcombe.

Siku ya Alhamisi Mzee Josiah alifariki, akiwa katikati ya sentensi iliyohusu haki zake. Kwa hiyo ikatokea kwamba kwa siku nne Kwamina hakujulikana ni wa nani, na hali ya namna hiyo serikali yoyote makini haiwezi kuivumilia.

Jumatatu asubuhi kengele ililia mara tisa. Watu wote themanini na saba wa shamba walikusanywa uani. Juu ya ngazi ya nyumba kubwa alisimama Bwana Erasmus Tilby, amevaa nywele za bandia zilizokuwa ndogo kidogo kuliko kichwa chake. Yeye alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Parokia ya Ugawaji wa Mali za Marehemu, parokia likiwa jina la wilaya kisiwani humo, na kamati nzima ilikuwa yeye pamoja na karani wake, Noakes.

"Leo," alitangaza Bwana Tilby, "kisiwa hiki kitashuhudia usawa kamili."

Uani watu walitazamana. Neno hilo walikuwa hawajalisikia likitamkwa kutoka juu ya ngazi ile.

"Usawa baina ya nani na nani, bwana?" aliuliza Bibi Yaba, mama mkwe wa Kwamina, ambaye kwa umri wake aliruhusiwa kuuliza.

"Baina ya warithi."

"Aa," alisema Bibi Yaba, akakaa tena.

Warithi walikuwa watatu. Augustus, mkubwa, alikuwa na shingo fupi na sauti ndefu. Bi Letitia, wa kati, alikuwa ameshahesabu vijiko vya fedha kabla baba yake hajapoa. Cornelius, kitindamimba, aliamini kwamba tangu azaliwe ndugu zake walikuwa wakimpunja, kuanzia maziwa. Wosia wa marehemu ulisema mali yote igawanywe kwa watoto hao sawa kwa sawa kwa sawa, na Bwana Tilby alisema hajapata kuona wosia wenye lugha nzuri kama huo.

Kisha alisoma kanuni. Kwanza, kila kitu kitathaminiwa na kuwekwa katika mafungu matatu, na kila mrithi atachota fungu lake kutoka kofia ya marehemu. Atakayechota fungu zito kuliko mafungu ya wenzake atawafidia tofauti. Pili, hakuna nafasi itakayoachwa wazi kwenye fomu. "Nimewahi kuiona fomu yenye nafasi wazi," alisema Bwana Tilby, na sauti yake ikashuka, "na nisingependa kulizungumzia." Tatu, karatasi ikishapigwa muhuri imepigwa; hata yeye mwenyewe hawezi kuirudisha.

Kazi ilikwenda vizuri sana. Saa ya ukutani ilimpa Augustus mishale, Letitia kengele na Cornelius kioo. Masufuria matano ya shaba ya kupikia sukari hayakugawanyika kwa tatu, kwa hiyo kila mrithi alipata moja zima, na mawili yaliyobaki yakakatwa kwa msumeno. Ngazi ya nyumba kubwa ilikuwa na vidato ishirini na viwili. Kila mrithi alipewa saba. Kile kimoja cha ziada, cha katikati, kiling'olewa kikachomwa moto ili kisilete fitina. Tangu saa ile kila aliyeshuka ngazi alijikwaa, awe nani, bila upendeleo.

Baada ya ngazi walifuata watu.

Kwamina aliitwa kusimama mbele ya meza. Sasa, kuna jambo moja Kamati haikuliuliza, na Kwamina hakuona sababu ya kuisumbua. Alijua kusoma. Mapipa ya sukari huchapwa alama na majina kwenye kifuniko, na katika nyumba ya sukari ya Wexcombe yalikuwa yakisimamishwa kichwa chini. Kwa hiyo herufi zote alizojifunza, kwa bidii yake mwenyewe, moja kwa msimu, alizijua zikiwa miguu juu. Karatasi iliyonyooka ilimtatiza. Lakini karatasi iliyolala mbele ya mtu aliyekaa ng'ambo ya meza aliisoma kama anakunywa maji. Elimu ni elimu, hata ikija na kichwa chini.

Akasoma. Fungu la kwanza: Kwamina, mpishi mkuu wa sukari, pauni mia moja na arobaini. Fungu la pili: Fiba, mfuaji, mke wa huyo, pauni sabini. Fungu la tatu: Beneba, binti wa hao, miaka tisa, pauni thelathini. Mwisho kabisa, peke yake, kama mtu aliyesahaulika mezani: Yaba, kikongwe, sifuri.

Karani Noakes alinyanyua kalamu. "Bwana Mwenyekiti, hapa nina mstari mmoja sijauelewa. 'Kilichomo tumboni mwa Fiba.' Mama nimemwandika fungu la pili. Kilichomo umesema fungu la kwanza."

"Upande wa watoto mafungu yalipishana kwa pauni tano," alisema Bwana Tilby. "Kilichomo kimeyasawazisha."

"Na kitamfikiaje mwenyewe, bwana?"

"Kwa wakati wake. Gharama za usafiri ni juu ya mpokeaji."

Noakes akaandika.

Kofia ikapitishwa. Augustus alichota fungu la kwanza, akasema atawahamishia watu wake shamba lake la kaskazini, mwendo wa siku tatu. Bi Letitia alichota la pili, akasema watu wake wanabaki. Cornelius alichota la tatu, akasema yeye watu hawataki. Anarudi Uingereza, na wake watauzwa bandarini Ijumaa. Beneba alikuwa katika fungu la Ijumaa. Ikaonekana pia kwamba fungu la Augustus lilikuwa zito kwa pauni arobaini na sita, kwa sababu ya Kwamina. Fidia itakamilishwa baada ya chakula.

Familia ilikula nyuma ya nyumba ya sukari, imekalia theluthi ya sufuria ya shaba. Palikuwa na ndizi za kuchoma na kipande cha samaki wa chumvi ambacho hakuna aliyekigusa.

"Nimetenganishwa na tumbo langu mwenyewe," alisema Fiba. "Hata yule mbuzi wa Mzee, baba Beneba, alipouzwa aliuzwa na mimba yake. Mbuzi."

"Nimeona, mke wangu. Nimesoma."

"Mimi hakuna aliyenichota," alisema Bibi Yaba. Alikuwa akiitafuna ndizi kwa fizi, taratibu, kama mtu aliye likizoni.

"Mama, huu si wakati wa kujivuna."

"Najivuna kwa sababu. Mkwe, nimeandikwaje pale?"

"Sifuri, mama."

"Sifuri. Umeona mtu ananigombania? Umeona ndugu wakitoleana macho kwa ajili ya Yaba?" Alilamba kidole. "Kila Januari marehemu alikuwa ananitazama kama jino bovu. Mnajua kwa nini? Mtu wa sifuri, mwenye mali anamlipia kodi parokiani, nisije nikaombaomba barabarani nikawaaibisha wenye viatu. Pauni tatu kila mwaka. Mara mbili alinipeleka kwa majirani kama zawadi. Mara mbili nimerudishwa. Ya pili nilirudi na barua ya matusi, na mimi ndiye niliyeibeba."

Kwamina aliacha kutafuna. Mpishi wa sukari anajua jambo moja ambalo wenye shamba hawalijui: kati ya uji wa miwa na sukari hakuna safari, kuna kufumba na kufumbua tu, na kazi yote ni kuijua nukta ile.

"Wewe tatizo lako una thamani," Bibi Yaba alimwambia. "Acha."

"Mtu anaachaje thamani, mama?"

"Mnong'oneze mwenye mali. Yaliyobaki waachie wenyewe. Wamesoma wale."

Kwamina alimkuta Augustus juu ya ngazi, anasugua goti. Alikuwa amekisahau kidato kisichokuwapo.

"Pole, bwana mkubwa. Na pole kwa hilo la fidia."

"Pauni arobaini na sita," alisema Augustus, "kwa kukupata wewe."

"Ndiyo linaloniumiza. Pesa zote hizo kwa ndugu zako, na jicho langu hili la kushoto."

Augustus aliacha kusugua. "Lina nini?"

"Moshi, bwana. Mimi sikutaka kusema mbele ya watu."

Dakika mbili baadaye Augustus alikuwa mbele ya meza ya Kamati, mkono juu ya Biblia, anaapa kwamba Kwamina ni chongo tangu utotoni na kwamba familia nzima ililijua jambo hilo na kulificha kwa huruma. Bwana Tilby alimwinulia Kwamina vidole viwili.

"Vingapi?"

"Vingapi nini, bwana?"

"Andika pauni themanini," alisema Bwana Tilby.

Fungu la Augustus likawa jepesi. Lakini usawa ni kama blanketi fupi. Ukifunika kichwa, miguu inatoka. Sasa fungu zito lilikuwa la Bi Letitia. Aligeuka kumtazama Fiba, na Fiba, ambaye alikuwa amekwishanong'onezwa na mumewe, tayari alikuwa ameshika kifua.

"Huyu ana kifua," Bi Letitia aliapa. "Usiku silali kwa kikohozi chake."

"Kohoa," alisema Bwana Tilby.

Fiba alikohoa mpaka wino wa Noakes ukatikisika. Pauni ishirini.

Sasa zito likawa la Cornelius. "Nilijua," alisema. "Nilijua tangu maziwa." Akanyoosha kidole kwa Beneba, aliyekuwa akirukaruka kwa mguu mmoja kwenye mistari aliyoichora mavumbini. "Mtoto yule ni kiwete." Beneba alitua, akafikiri kidogo, akaanza kuchechemea miguu yote miwili kwa pamoja, jambo ambalo Kamati ilikuwa haijapata kuliona.

"Lakini Kwamina huyo ni kiziwi pia," alisema Augustus.

"Kwamina," alisema Bwana Tilby, "unasikia?"

"Hapana, bwana."

"Andika kiziwi."

"Na lile la tumboni," aliongeza Augustus, akiona njia ni nyeupe, "chungu kibovu hakipiki chakula kizuri. Sifuri."

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kunong'onezwa. Uani kote habari ilikuwa imeshafika, na watu walijipanga mstari wakiumwa kwa nidhamu. Wakata miwa walitetemeka mikono. Mtunza nyumbu alisema anawaogopa nyumbu. Seremala aliulizwa nyundo ni ipi akaonyesha msumeno. Kila mgonjwa alipopita, mrithi wake aliapa, na wenzake wawili wakarudi nyuma ya mstari kutafuta maradhi makubwa zaidi. Kwamina mwenyewe alirudishwa mezani mara mbili, akaandikwa kipofu wa macho yote mawili, kisha kiwete. Haijapata kuonekana familia ya matajiri ikipigania umaskini kwa moyo kama ule. Ilipofika saa tisa, ili kuokoa muda, Bi Letitia alitoa hoja kwamba watu wote waandikwe viziwi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kaka zake wakaafikiana naye.

Noakes alijumlisha. Alijumlisha tena. Kisha aligeuza karatasi kumwonyesha mwenyekiti wake.

Fungu la kwanza, watu: sifuri. La pili: sifuri. La tatu: sifuri.

Bwana Tilby alivua nywele zake za bandia. "Miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini nimegawa mashamba ya kisiwa hiki, na kila mara nimekosea kwa kuku mmoja, kwa kijiko. Leo yamelingana." Alijifuta macho kwa nywele zile, akazivaa tena kinyumenyume. "Waungwana, hongereni. Kinachobaki ni kodi."

"Kodi gani?" alisema Augustus.

"Kifungu cha kumi na moja. Kila mtu asiye na thamani, mwenye mali hulipa parokiani pauni tatu kwa mwaka. Themanini na saba mara tatu ni mia mbili sitini na moja. Ukigawa kwa warithi watatu, ni themanini na saba kamili, bila salio." Aliwatazama kwa upendo. "Hata kodi inagawanyika."

Warithi walikwenda pembeni mwa baraza. Kwamina alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwao, lakini alikuwa kiziwi, kwa hiyo hawakupunguza sauti.

"Anayelipa ni mwenye mali," alisema Bi Letitia. "Tukisaini kwamba si mali yetu?"

"Na miwa nani atakata?" aliuliza Augustus.

"Kwani wataenda wapi? Wana viatu? Kengele italia kesho na watakuja kama jana. Tutawagawana taratibu wenyewe, kwa mdomo. Ile ni karatasi tu, Augustus."

"Ni karatasi tu," alisema Cornelius.

Kwamina alitazama mbele. Karatasi tu ndiyo iliyomfanya Mzee Josiah kuwa mwenye watu. Karatasi tu ilikuwa imempa Augustus mtoto aliyekuwa bado anajigeuza tumboni mwa mama yake. Katika maisha yake yote Kwamina hakupata kumwona mtu wa Wexcombe akiidharau karatasi, na hakutaka kukohoa asije akawaamsha.

Wakasaini, wote watatu, kwamba watu themanini na saba waliotajwa si mali yao, hawajawahi kuwataka, wala hawatawadai wao, vizazi vyao, wala vilivyomo matumboni mwao. Maneno hayo ya mwisho aliyaomba Augustus mwenyewe, kwa kuogopa kodi ya vitoto.

Noakes alifika kwenye safu ya mwisho ya fomu akasimama. "Bwana Mwenyekiti, hapa pameandikwa 'Mwenye mali.' Si Bwana Augustus, si Bi Letitia, si Bwana Cornelius. Niache wazi?"

Uso wa Bwana Tilby ulipauka. "Usithubutu."

"Basi niandike nani?"

Bwana Tilby alitazama juu, akatazama chini. Chakula cha jioni kilikuwa kinanukia na wazo halikuwa linakuja. "Wa kwanza ni nani?"

"Kwamina, bwana."

"Jaza huyohuyo. Mali, Kwamina, mwenye mali, Kwamina. Mradi pasiwe wazi."

Ng'ambo ya meza Kwamina alilisoma jina lake mara mbili katika mstari mmoja, miguu juu, na mara zote mbili lilikuwa limeandikwa sawasawa. Fiba, mwenye mali Fiba. Beneba, mwenye mali Beneba. Yaba, mwenye mali Yaba. Kalamu ikashuka mstari kwa mstari.

"Kilichomo tumboni mwa Fiba," alisoma Noakes. "Kina jina?"

"Bado, bwana," alisema Fiba.

"Basi: mwenye mali, kilichomo tumboni mwa Fiba," alisema Bwana Tilby. "Endelea."

Ilibaki lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia muhuri. Noakes aliiweka kijikoni juu ya mshumaa akaiunguza. Ya pili ilimwagika kama maji. Kipande kilikuwa kimoja tu kilichobaki, na warithi walikuwa wameanza kutazamatazama huku na huku, kama watu wanaojaribu kukumbuka kitu.

"Niruhusu, bwana," alisema Kwamina.

Aliushika mshumaa mbali, akausogeza, akausogeza kidogo tena. Lakiri ilinyong'onyea pembeni, ikang'aa katikati. Ilipofika nukta yake, wala kabla wala baada, aliinamisha kijiko. Tone moja jekundu, la mviringo, likatua juu ya mkunjo wa karatasi, na Bwana Tilby akaligandamiza muhuri.

"Kipofu huyu ana mkono mzuri," alisema. "Sasa iende Spanish Town, mji mkuu, kwa Msajili, kabla ya Jumatano."

Nyumbu walikuwa wameshagawanywa, na hakuna mrithi aliyekubali nyumbu wake abebe barua ya wote watatu. Ikaamuliwa iende kwa miguu, na ibebwe na mtu asiye na thamani, ili akipotea isiwe hasara kwa yeyote.

"Huyu?" alisema Noakes. "Si ameandikwa kiwete, na kipofu, na kiziwi?"

"Kwa mujibu wa rejista," alisema Bwana Tilby. "Barabara si sehemu ya rejista."

"Lakini nitahitaji wa kuniongoza, bwana," alisema Kwamina. "Mke wangu aone, mtoto asikie."

"Ni haki. Na kikongwe?"

"Huyo ana uzoefu wa barua, bwana."

Bwana Tilby alimkabidhi barua. "Mrudi kabla ya kengele ya Alhamisi," alisema Bi Letitia, lakini hilo Kwamina, kama ilivyothibitishwa, hakulisikia.

"Na umwombe Msajili risiti," alisema Bwana Tilby.

Hilo alilisikia. "Nitaiomba, bwana. Nitaitunza mwenyewe."

Nyuma yao, barazani, Augustus aliita aletewe kahawa. Aliita mara tatu, kila mara kwa sauti ndefu zaidi. Uani walisimama viziwi themanini na watatu walioapiwa kwa Biblia, wakitazama kwa makini upande mwingine, na wengine walikuwa wameanza kwenda kufunga virago.

Kwamina aliikunjua kofia yake ya gunia, akaiweka barua ndani, akaivaa. Akashuka ngazi mbele ya wenzake, akakiruka kidato kisichokuwapo bila kutazama chini, akampa Fiba mkono avuke. Na barua, imefungwa, imepigwa muhuri, ikatoka nje ya lango.